Kalori Ngapi kwa Siku? Hesabu Ianzie Kwenye Sufuria ya Sironga

Kuna nambari moja inayozunguka kwenye simu za wanawake wengi wanaotaka kupunguza mwili: 1,200. Kula kalori 1,200 kwa siku, huambiwa, na kilo zitakwenda zenyewe. Haiulizwi wewe ni nani, una kimo gani, umejifungua lini, unashinda umeketi au unashinda umeinama. Mama anayefungua duka la nguo pale Sironga, kaunti ya Nyamira, na jirani yake aliyeingia kuchuma majani chai tangu alfajiri wanapewa kipimo kimoja.

Nambari hiyo ina umri mkubwa. Mwaka 1918, daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters, alichapisha kitabu kilichowafundisha wanawake wa Marekani kuhesabu chakula kwa kalori, na 1,200 ndicho kiwango alichokitaja kwa anayetaka kupungua. Kitabu kiliuzwa mno. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, kiwango hicho bado kinatembea, sasa kikiwafikia watu ambao daktari yule hakuwahi kuwafikiria.

Niseme wazi msimamo wangu: kwa watu wazima wengi wa Kisii na Nyamira, 1,200 ni kidogo mno. Si kwamba wanakosa uvumilivu. Ni kwamba mwili ukinyimwa kupita kiasi hupigana, na katika pigano hilo mwenye mwili ndiye hushindwa.

Tunalijua hilo kwa ushahidi. Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye afya njema, waliokuwa wakila takriban kalori 3,200 kwa siku, akawalisha karibu nusu ya hizo kwa wiki 24: takriban 1,570. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini pia walihisi baridi wakati wengine hawaihisi, walikuwa wepesi wa hasira, walipoteza hamu ya karibu kila jambo isipokuwa chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Vijana wale hawakuwa wanene, na hilo ni jambo la kuzingatia. Hata hivyo somo linabaki: kinachoumiza si nambari yenyewe bali umbali uliopo kati ya kile mwili unachotumia na kile unachopewa. Kwa hiyo anayetaka lengo la busara hana budi kwanza kujua mwili wake unatumia kiasi gani.

Haja ya kupungua ipo, wala sitaki kuidharau. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi: wanawake asilimia 38.5, wanaume asilimia 17.5. Miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, uchunguzi wa afya na idadi ya watu ulikuta asilimia 25 mwaka 2008-09, na ulipofika 2014 ilikuwa asilimia 33. Nyuma ya takwimu hizo kuna presha, kisukari na magoti yanayouma wakati wa kupanda vilima vyetu. Anayetaka kupunguza uzito kwa sababu hizo anatafuta uzima, na anastahili kupewa hesabu ya kweli.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua kalamu. Zidisha uzito wako wa kilo kwa 10. Zidisha kimo chako cha sentimita kwa 6.25, ujumlishe na ile ya kwanza. Kisha toa umri wako ukiwa umeuzidisha kwa 5. Mwanamke atoe tena 161; mwanamume aongeze 5. Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 1990, na wataalamu wa lishe duniani bado wanautumia. Jibu unalopata ni kalori ambazo mwili wako ungetumia hata ukilala kutwa bila kuinua mkono: moyo kupiga, mapafu kuvuta hewa, damu kubaki na joto lake.

Tuseme mama wa duka ana miaka 42, kilo 84 na kimo cha sentimita 160. Hesabu yake: 840 jumlisha 1,000, toa 210, toa 161. Anabaki na 1,469. Hapo mwili umelala tu. Mtu anayeketi muda mwingi huzidisha jibu hilo kwa 1.2, anayetembea kiasi huzidisha kwa 1.375, na mwenye kazi ya mwili ya wastani huzidisha kwa 1.55. Mama wa duka anatembea kwenda na kurudi, anapika, anafua, tumpe 1.375. Anatumia karibu 2,020 kwa siku. Jirani yake mchuma chai, tukichukulia umri, kimo na uzito ni ule ule, yuko karibu 2,280. Waliopewa 1,200 pamoja wametofautiana kwa kalori 260 kabla hawajaonja chochote.

Sasa mtazame mwendeshaji wa bodaboda mwenye miaka 38, kilo 90 na sentimita 172. Mwili wake ukiwa umelala unatumia 1,790. Lakini pikipiki ndiyo inayopanda mlima, yeye ameketi. Ukizidisha kwa 1.2 unapata karibu 2,150 tu. Wanaume wengi wa kazi hiyo hujiona wanachoka sana, na kweli wanachoka, kwa jua, mvua, vumbi na hofu ya magari. Uchovu huo hauchomi kalori nyingi. Sahani ya mtu anayelima, akiila mtu anayeendesha, hugeuka kitambi.

Hapa pana tahadhari iliyotoka karibu na kwetu. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu wanazotumia Wahadza, wawindaji na wachimba mizizi wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Ni watu wanaotembea kila siku kutafuta riziki. Wanaume walitumia takriban kalori 2,600 kwa siku na wanawake karibu 1,900, na ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, hawakuwazidi watu wa mijini Ulaya na Marekani kama ilivyotarajiwa. Mwili hujua kubana matumizi mahali pengine unapotumikishwa sana. Kwa hiyo usijipe kizidisho kikubwa kwa sababu ulipanda kilima jana. Chukua kile cha chini kati ya viwili unavyovifikiria, na mizani itakusahihisha mbele ya safari. Mazoezi yana faida nyingi kwa moyo, sukari ya damu na usingizi. Ila yasitegemewe kufuta chapati tatu.

Ukishajua unachotumia, toa 400. Wengine hutoa 500, na miongozo ya Uingereza imezoea kutaja 600. Mimi nashikilia 300 hadi 500 kwa mtu anayekula chungu kimoja na familia, kwa kuwa upungufu huo unaweza kuishi nao bila kuwa mkali kwa watoto. Mama wa duka aweke lengo lake kwenye 1,600. Mchuma chai, 1,850 au 1,900. Na uwepo mpaka wa chini: usishuke chini ya kile mwili unachotumia ukiwa umelala. Ndiyo maana mwendeshaji wa bodaboda asitoe 400, maana angefika 1,750 na kuvuka mpaka wake wa 1,790. Ashuke hadi 1,800, kisha aegeshe pikipiki mara kwa mara na atembee.

Matarajio nayo yawekwe sawa. Tangu daktari Max Wishnofsky alipoandika mwaka 1958 kwamba ratili moja ya uzito ni kalori 3,500, watu wamekuwa wakigawanya na kuahidiana miujiza. Kwa hesabu hiyo mama wa duka akipunguza 400 kila siku angepoteza kilo 19 kwa mwaka. Haitatokea. Kevin Hall na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba mwili unaopungua hutumia nguvu kidogo zaidi kadiri unavyopungua, kwa hiyo kasi hufifia. Kanuni waliyoitoa ni hii: kila kalori 24 unazoacha kwa siku huondoa kilo moja mwishowe, na nusu ya safari hiyo hukamilika katika mwaka wa kwanza. Kwa kalori 400, hizo ni kilo 8 hivi mwaka huo, na nyingine kama hizo polepole baadaye. Kilo 8 kwa mtu wa kilo 84 ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 tu kunatosha kuanza kuteremsha presha na sukari. Hahitaji kurudi alivyokuwa siku ya harusi.

Hadi hapa ni karatasi. Ugumu unaanza jikoni, kwa sababu hakuna anayekula kutoka kwenye pakiti yenye maandishi. Programu za simu zilizotengenezwa ng'ambo zinakuuliza umekula kipande gani cha mkate. Wewe umekula ugali uliomegwa kwa mkono, na mboga iliyopakuliwa kwa mwiko. Wengi hukata tamaa hapo. Nawaomba wasikate, kwa sababu familia zetu zina njia rahisi kuliko hiyo: hesabu sufuria, usihesabu sahani.

Anza na unga. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu kalori 360, kwa hiyo kilo moja, yaani nusu ya pakiti ya kilo mbili, ina 3,600. Maji hayana kalori hata moja. Ugali usonge mgumu au laini, kalori za sufuria ni zile zile za unga ulioingia. Walaji watano wakigawana sawasawa, kila mmoja amekula 720. Mama wa duka, ambaye siku nzima anatakiwa 1,600, ametumia karibu nusu kwenye ugali wa jioni pekee, na mboga bado. Akichukua thuluthi mbili ya fungu lake anabaki na 480. Hajaacha ugali, amepunguza tonge. Wanaonunua kwa gorogoro waupime unga wao mara moja kwenye mizani ya duka, wajue gorogoro yao ina uzito gani, na hesabu itakuwa yao siku zote.

Kisha mafuta. Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, kwa maana mafuta hayaonekani kwenye sahani na ndiyo mazito kuliko vyote: gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120. Mafuta ya kupima, yale ya kununua kidogo kidogo dukani, yametuzoesha kuyaona kama kitu kidogo. Robo lita ina takriban kalori 2,000. Nyumba ya watu watano ikimaliza robo lita kwa siku mbili, kila mtu amekunywa kalori 200 za mafuta kwa siku bila kuziona. Sukari vivyo hivyo: nusu kilo ni kalori 2,000, na nyumba hiyo ikiimaliza kwa siku mbili ndani ya chai, ni 200 nyingine kwa kila mtu.

Jumlisha. Mafuta 200, sukari 200: ni zile 400 tulizokuwa tukizitafuta. Sisemi ziondolewe zote. Zipunguzwe nusu, na tonge lipunguzwe kama nilivyoeleza. Mama wa duka atakuwa ameacha kalori 440 kwa siku bila kupikiwa chakula chake peke yake. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mlo wa pekee ni gharama, na katika nyumba nyingi mama ndiye wa mwisho kutumiwa pesa. Mpango unaodai maziwa maalumu au unga wa kopo hautafika mwisho wa mwezi.

Siku yake inaweza kwenda hivi. Asubuhi kikombe cha chai, nusu maziwa, kijiko kimoja cha sukari, pamoja na viazi vitamu vya kuchemsha robo kilo. Mchana bakuli la githeri la wastani. Alasiri chai nyingine kama ile, na ndizi mbivu moja kubwa. Jioni ule ugali wa 480 na chinsaga nyingi iliyopikwa kwa maziwa na mafuta kidogo. Nikijumlisha napata karibu 1,600. Siku nyingine omena achukue nafasi ya ndizi, na protini ipande.

Chinsaga naitaja kwa makusudi. Mboga hii, pamoja na rinagu, enderema na majani ya maboga, ina kalori chache mno kwa ujazo wake na imejaa madini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuwathibitishia Wakenya thamani ya mboga za kienyeji ambazo zamani zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini. Kwa anayepunguza uzito, mboga hizi ndizo zinazojaza nafasi iliyoachwa na tonge. Nusu ya sahani iwe mboga, na usione haya kuongeza.

Wimbi, hata hivyo, husingiziwa. Nimewasikia watu wakisema obokima bwa wimbi, yaani ugali wa wimbi, haunenepeshi. Una nyuzinyuzi zaidi, una kalisi nyingi kuliko ugali wa mahindi, na hushibisha, kuleni. Lakini unga wa wimbi una kalori zinazokaribia sana zile za mahindi, na tonge lake lipimwe vile vile. Parachichi nalo, linalozaa hadi kudondoka katika mashamba yetu, ni chakula bora sana chenye kalori 160 kwa kila gramu 100 za nyama yake. Nusu inatosha. Chapati moja nzito inafika 300. Soda ya mililita 300 ina karibu 125, na bia ya nusu lita karibu 200.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye hesabu yoyote. Ukipungua, utaulizwa una shida gani. Tangu miaka ile ukimwi ulipokuwa ukifagia vijiji bila dawa, kukonda kumebaki na harufu ya kifo, na shangazi atakuita kando akuulize kwa sauti ya chini. Jibu kwa upole kwamba ulipimwa, ukashauriwa, na unafanya kwa mpango. Kwenye matanga na harusi, pokea sahani. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Omba mboga iwe nyingi na ugali uwe kidogo. Siku moja ya sherehe haiharibu mwezi.

Mizani ipandwe mara moja kwa wiki, ile ile, asubuhi, nguo za kawaida. Anayekosa ya nyumbani aende zahanati au duka la dawa. Uzito hupanda na kushuka kwa maji na chumvi, hivyo usihukumu kabla ya wiki nne. Ikiwa baada ya wiki nne hakuna kilichosogea, toa kalori 100 zaidi, au angalia upya mafuta, maana hapo ndipo wengi tunajidanganya. Ikiwa unapoteza zaidi ya kilo moja kwa wiki kwa mfululizo, umekata kupita kiasi; ongeza.

Na wapo ambao hesabu hii si yao. Mama mjamzito au anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, mtu anayetibiwa kifua kikuu, na mzee anayepungua bila kutaka. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu dawa ile ile kwa chakula kidogo inaweza kuangusha sukari hadi azirai. Huenda utasikia kuhusu utafiti uliofanywa Scotland na Tyneside, ambapo wagonjwa wa kisukari waliishi kwa kalori 825 hadi 853 kwa siku na asilimia 46 yao kisukari kikatulia ndani ya mwaka. Ni kweli, ulichapishwa mwishoni mwa 2017. Walikuwa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya mwanzo hadi mwisho, wakila mlo ulioandaliwa maalumu. Usiuige nyumbani peke yako.

Ombi langu la mwisho ni kwa maofisa wa lishe wa kaunti za Nyamira na Kisii. Tangu 2018 Kenya ina majedwali yake rasmi ya virutubishi vya vyakula, yaliyotayarishwa na serikali pamoja na shirika la FAO, na vyakula vyetu vimo. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa gramu. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa vifaa vya kupimia presha na sukari mwaka 2023 tayari wanaingia majumbani. Wapeni ukurasa mmoja wa Kiswahili na Ekegusii, unaotaja unga kwa gorogoro, mafuta kwa kijiko na robo lita, sukari kwa nusu kilo, na nakala yake ibandikwe ukutani katika kila zahanati, karibu na mizani.